Alizeti na choroko shamba moja: kabla hujahesabu mbolea, hesabu kiu

Muulize mtu kwa nini amechanganya mikunde na alizeti au ufuta, neno la kwanza litakalomtoka ni mbolea. Choroko inaleta naitrojeni, alizeti inakula, maisha yanaenda. Mi sibishi, mikunde inaleta naitrojeni kweli, ila kwenye shamba linalotegemea mvua za kubahatisha hiyo hesabu ya mbolea inakuja ya pili au hata ya tatu, na ndo maana unakuta mtu kafuata ushauri wote, kapanda mikunde katikati ya alizeti, na mwisho wa msimu kavuna nusu ya alizeti aliyozoea na vichoroko vya kuwekea mbegu tu, halafu anaambiwa labda udongo wake mbaya. Udongo hauna kosa. Aliweka midomo miwili kwenye kikombe kimoja na yote ikataka kunywa siku moja.

Ngoja tuanze na kikombe chenyewe. Milimita 1 ya mvua ikianguka kwenye hekta 1 ni lita 10,000. Kwa hiyo msimu wa milimita 400, ambao kwa mkulima wa ukame wala sio msimu mbaya, ni lita milioni 4 kwa hekta, inasikika kama bahari. Lakini kuna yanayotiririka na kuondoka na udongo, kuna yanayozama kuliko mizizi inapofika, na kuna haya ambayo watu hawayaoni kabisa, yanayopanda hewani kutoka kwenye udongo mtupu kati ya mistari kabla mimea haijakua, na kwenye maeneo makavu haya yanaweza kufika theluthi au hata nusu ya mvua yote ya msimu. Mmea unakunywa kilichobaki.

Kuchanganya mazao hakuongezi hata tone. Kunachoweza kufanya ni kufunika udongo mapema ili yale ya kupanda hewani yapite kwenye jani badala ya kupotea bure, kugawa siku za kunywa ili mmoja anywe wakati mwenzake hana haja sana, na kugawa kina, mmoja anywe juu mwingine chini. Jozi yoyote unayoifikiria ipitishe kwenye hayo matatu, ikifeli yote achana nayo hata kama imesifiwa wapi.

Chukua alizeti na choroko zilizopandwa siku moja. Alizeti mwezi wa kwanza inasuasua, majani machache, nafasi kati ya mistari iko wazi na jua linachoma udongo. Choroko haina muda wa kupoteza, siku ya 35 mpaka 40 inaanza maua na kwenye 60 hadi 70 maganda yameshakuwa meusi unachuma. Alizeti inatoa kitumba (ua ambalo halijafunguka) kati ya siku ya 40 na 50, inachanua kwenye 60 na kidogo, halafu inajaza mbegu mpaka 95 au 110, inategemea aina. Sasa angalia kiu ya kila mmoja. Choroko kiu yake kali ni kuanzia maua mpaka maganda yajae, yaani siku ya 35 hadi 60. Alizeti kiu yake kali inaanza kitumba kinapokaribia kufunguka na inaenda mpaka mbegu zianze kujaa, 50 hadi 85 hivi. Zinagongana kama siku 10, siwezi kukuficha, ila zile wiki za mwisho ambazo mvua huwa imeshachoka, alizeti imebaki peke yake mezani.

Halafu kuna wale wanaosema ngoja alizeti ishike kwanza, choroko nitaiweka baada ya wiki tatu. Hesabu tena. Choroko iliyoingia siku ya 21 inachanua siku ya 56 hadi 61, na alizeti nayo ndo inafungua vichwa. Yaani umekaa chini ukapanga mwenyewe kwamba zipate kiu wiki moja, na juu ya hapo choroko imeota kwenye kivuli. Kwenye mvua nyingi hilo linavumilika, kwenye mvua chache ni kujichongea.

Jozi ambayo mi naipenda kuliko zote ni karanga na mbaazi, na hapa kuna utata kidogo kwa sababu karanga ni mkunde na ni zao la mafuta kwa wakati mmoja, punje yake karibu nusu ni mafuta. Mbaazi za muda wa kati zinachukua siku 150, 180 na kuendelea, na miezi miwili ya mwanzo zimezubaa tu, ukipita unaweza kudhani zimedumaa. Karanga inatumia huo uzubaifu, inafunika udongo, inamaliza shughuli zake, siku ya 100 au 110 inang'olewa, na kule kung'oa kwenyewe ni kama umeipalilia mbaazi. Kuanzia hapo mbaazi inashusha mzizi unaoweza kupita mita 2 na kuishi kwa maji ambayo karanga, yenye mizizi mingi kwenye sentimita 30 hadi 60 za juu, isingeyagusa. India, kwenye wilaya ya Anantapur ambako karanga inalimwa sana kwa mvua kidogo, utakuta mstari 1 wa mbaazi kila baada ya mistari 7, au 11, hata zaidi ya hapo ya karanga. Ukiitazama hiyo namba unaelewa akili iliyoko nyuma yake: karanga ndo mshahara, mbaazi ni akiba.

Ufuta ni mlaini, huo uutenge kabisa kwenye mawazo yako. Punje 1,000 zina uzito wa gramu kama 3, kwa hiyo mche unatoka ardhini na chakula cha siku chache tu na mwezi mzima unabaki mwembamba kama uzi. Ukiuwekea mkunde wa kutambaa wiki ya nne huuoni tena. Unataka mwenzake wa kusimama, mfupi, wa kuondoka mapema, choroko ya kusimama inafaa. Na uvune choroko yote kabla ufuta haujaanza kukomaa kwa sababu maganda ya ufuta yakishakauka yanapasuka yenyewe, kila unapopita na ndoo ya choroko unagusa shina na mbegu zinamwagika chini, unachuma mkono huu unapoteza mkono ule.

Kunde za kutambaa kwenye alizeti nilishawahi kuziweka mwenyewe, nikijisifu kwamba zitafunika udongo. Zikafunika kweli. Halafu zikagundua kwamba alizeti ni nguzo, zikapanda, upepo ulipokuja mistari mizima ikalala na vichwa vyake, na kuvuna alizeti iliyofungwa kamba za kunde ni kazi ambayo sitaki hata kuikumbuka. Tangu siku hiyo nikiuliza mbegu ya kunde swali la kwanza ni inasimama au inatambaa, mavuno baadaye.

Kitu kingine kinachosahaulika ni tabia ya kuchanua. Alizeti za kisasa zina kichwa kimoja, na kichwa hicho kinachanua kwa muda kama wa wiki, kimemaliza. Ukame ukipiga hiyo wiki hakuna marudio, utapata kichwa kikubwa chenye katikati tupu. Kunde, mbaazi, na kwa upande wa mafuta nyonyo (mbarika), zenyewe zina uvumilivu wa aina nyingine, maua yakidondoka kwa ukame zinakaa kimya zikisubiri, mvua ikirudi zinatoa mengine. Kwa hiyo ukiweka zao la nafasi moja karibu na zao la nafasi mbili umejiwekea bima ya kweli, ukame wa katikati ya msimu unaweza kukuharibia alizeti na bado mbaazi ikakulipa. Ukiweka mawili ya nafasi moja yanayochanua pamoja, hapo umechanganya tu majani, hatari ni ile ile.

Haya, naitrojeni. Hii hadithi ina umri, Hellriegel wa Ujerumani alionyesha mwaka 1886 kwamba mikunde inapata naitrojeni ya hewani kupitia vile vinundu vya kwenye mizizi, na tangu hapo kila mtu anajua habari ya vinundu. Hewa yenyewe ni asilimia 78 naitrojeni, mmea hauwezi kuishika, bakteria wanaoitwa rizobia wanaishika na kuubadilishia mmea kwa sukari. Hapo sawa. Kosa linaanzia pale mtu anapodhani kinundu kinamimina mbolea kwa jirani kama bomba. Kinundu kinamlisha mwenye nacho. Jirani anapata kidogo sana moja kwa moja msimu huo huo, kikubwa anachopata ni kwamba mwenzake hamgombanii ile naitrojeni iliyoko kwenye udongo, mkunde ukijitegemea alizeti inabaki na udongo wote kwa upande wa naitrojeni. Hiyo nayo ni faida, tena sio ndogo, ila inaitwa kutogombana, haiitwi kulishana.

Mbolea halisi inakuja majani na mizizi ikioza, na hiyo ni msimu unaofuata. Sasa piga hesabu ya choroko. Punje yake ina protini kama asilimia 24, ukigawa kwa 6.25, namba inayotumika kupata naitrojeni kutoka kwenye protini, unapata karibu asilimia 3.8, kwa hiyo ukivuna kilo 500 umetoa shambani kilo 19 za naitrojeni ndani ya magunia. Kama mmea mzima ulishika kilo 30 kutoka hewani, umebakiza 11, na kama ulishika 19 umebakiza sifuri, na kama umeng'oa na majani ukawapa mifugo, shamba linakudai. Mbaazi inajitetea kidogo kwa sababu inadondosha majani mengi chini wakati ingali imesimama. Karanga ndo mbaya zaidi kwa hili, inang'olewa mzimamzima na mzizi wake, kila kitu kinaondoka.

Na hata huo ushikaji wa naitrojeni hauendi wenyewe. Ukame unausimamisha mapema, vinundu vya soya na kunde vinalegea kabla hata jani halijaanza kukunjika, kwa hiyo ule msimu ulioutegemea zaidi ndo unaokupa kidogo zaidi. Ukitaka kujua yako inafanya kazi, mkunde ukianza maua chimba mmea mmoja kwa jembe, usiuvute maana vinundu vitabaki chini, suuza mzizi taratibu kwenye maji, chukua kinundu ukikate kwa ukucha. Ndani kikiwa cha pinki au chekundu kama nyama kinafanya kazi. Kikiwa cheupe, cha kijani au cha kijivu, hicho ni pambo. Kunde, choroko, karanga na mbaazi mara nyingi zinakuta rizobia wa kuwafaa wameshakaa kwenye udongo, ila soya na dengu wana wao maalumu, shamba ambalo halijawahi kuwa na soya au dengu bila kupaka mbegu chanjo ya bakteria unaweza kukuta mizizi misafi kabisa haina hata kinundu kimoja. (Dengu nikisema hapa namaanisha zile punje zenye kidomo kama cha ndege, kuna wanaoita choroko ndengu, tusije tukagombana bure.)

Kuna zawadi moja ya mikunde ambayo haiimbwi na naiona ya maana zaidi kwenye udongo mwekundu: fosforasi. Mwaka 1990 watafiti waliokuwa ICRISAT, kituo cha kimataifa cha utafiti wa mazao ya maeneo makavu kule India, walichapisha kwamba mzizi wa mbaazi unatoa asidi inayoifungua fosforasi iliyokamatwa na chuma kwenye udongo, fosforasi ambayo mazao mengi hayawezi kuigusa. Majani yake yakioza, fosforasi hiyo inabaki juu kwa ajili ya zao linalokuja.

Sasa kwa nini mazao ya mafuta yanadai sana? Kwa sababu mafuta ni ghali kuyatengeneza. Gramu 1 ya sukari mmea ukiigeuza wanga unapata kama gramu 0.83, ukiigeuza mafuta unapata kama 0.33 tu. Kwa hiyo usishangae kilo 1,000 za mafuta na kilo 2,500 za wanga zikiwa zimedai kazi inayokaribiana. Maana yake shambani ni kwamba siku za kujaza mbegu zao la mafuta halitaki utani, kivuli kidogo au kiu kidogo kinaonekana kwenye mafuta. Na naitrojeni ikizidi nayo inaharibu, mbegu ya alizeti iliyolishwa naitrojeni nyingi inapanda protini na kushuka mafuta, kwa hiyo hata ile ndoto ya mikunde kuimwagia alizeti naitrojeni bila kikomo, ingetimia, isingekuwa ndoto nzuri sana.

Watu wakibishana kuhusu kuchanganya wanabishana hewani kwa sababu hawana kipimo. Kipimo kipo, watafiti Mead na Willey walikieleza vizuri mwaka 1980, tukiite uwiano wa ardhi, na hesabu yake ni ya darasa la tano. Alizeti peke yake inakupa kilo 1,000 kwa hekta, ndani ya mchanganyiko inakupa 800, hiyo ni 0.8. Choroko peke yake 600, ndani ya mchanganyiko 270, hiyo ni 0.45. Jumlisha, 1.25. Tafsiri yake ni kwamba kupata mavuno hayo hayo bila kuchanganya ungehitaji hekta 1.25, yaani umeokota robo ya hekta ambayo hukulima. Ikija chini ya 1 ujue mazao yanaumizana na bora ungeyatenganisha.

Ila hicho kipimo kina mitego miwili na yote nimeiona ikitumika kuuzia watu maneno. Mtego wa kwanza, mtu anapanda lile zao la kulinganishia vibaya, nafasi mbovu, palizi ya kuchelewa, halafu mchanganyiko wake unang'aa. Gawa kwa namba ndogo jibu linapanda, hiyo hata mtoto anajua. Mtego wa pili ni muda. Choroko inakaa siku 65 shambani, alizeti siku 100, na uwiano wa ardhi unazihesabu kana kwamba zimekaa sawa. Ukizidisha kila kipande kwa siku zake unapata 0.8 mara 100, ni 80, na 0.45 mara 65, ni 29 na kidogo, jumla 109, gawa kwa 100 unabaki na karibu 1.09. Bado faida ipo, lakini ile robo ya hekta imekuwa kitu kama sehemu moja kati ya kumi na moja ya hekta. Kwenye mahali penye msimu mmoja mfupi ambapo huwezi kupanda kitu kingine baada ya choroko, basi ardhi ikikaa bure haikusaidii na ile 1.25 ndo ya kweli. Penye misimu miwili, angalia ya pili.

Tukija kwenye mistari. Kuna kuongezea na kuna kubadilisha. Kuongezea ni alizeti inabaki na idadi yake kamili na mikunde inaingia kwenye nafasi zilizobaki, kubadilisha ni unatoa mistari ya alizeti unaweka ya mikunde. Wengi wanaongezea kwa sababu hawataki kupoteza alizeti, na kwenye mvua chache hapo ndo wanapozidisha midomo. Njia ninayoiona ya busara nayo ni ya kuongezea, ila unahamisha mistari ya alizeti bila kubadilisha idadi ya mashina, na midomo ya ziada unaweza kuipunguza mapema. Alizeti ya sentimita 75 kwa 30 ina mashina kama 44,000 kwa hekta. Badala ya kila mstari kukaa 75 kutoka kwa mwenzake, isogeze miwili miwili: mistari miwili ya alizeti ikae sentimita 45, halafu uache 105, halafu miwili tena. Wastani umebaki 75 ule ule, mashina ni yale yale. Ndani ya ile 105 unaweka mistari miwili ya choroko, 35 kutoka kwa alizeti, 35 katikati, 35 tena, imeenea kama imepimwa na fundi. Choroko inapata jua, jembe linapita, na mtu wa kuchuma anapita bila kuvunja kitu. Ukiona mwaka umeanza vibaya, wiki ya tatu hiyo ng'oa mstari mmoja wa choroko, usione huruma, mche uliong'olewa mapema umekunywa kidogo.

Magugu yanahitaji akili kidogo hapa kuliko kwenye mahindi na maharage. Mazao ya mafuta karibu yote na mikunde yote ni ya majani mapana, kwa hiyo dawa inayoua magugu ya majani mapana itaua shamba lako lote au nusu yake, na ile ya salama kwa alizeti inaweza kuwa sumu kwa choroko. Kinachopona ni dawa za kuua nyasi tu, zile zinazochagua nyasi na kuacha majani mapana, hizo zinapita kwa wote wawili. Majani mapana ni jembe, na siku 30 hadi 40 za kwanza ndo zinaamua, baada ya hapo kivuli kinakusaidia. Karanga ukishaona vile vikonyo kama sindano vinashuka kutafuta udongo acha kabisa kuchokonoa chini yake, ukivikata umekata karanga. Na kwa kuwa ganda la karanga linanyonya kalsiamu lenyewe kutoka kwenye udongo linapokaa, halipelekewi na mzizi, jipsamu (unga wenye kalsiamu) ukiweka iweke hapo hapo kwenye karanga wakati wa maua, usiimwage kwenye mstari wa mbaazi ukategemea itafika.

Magonjwa ndo sehemu ambayo ushauri wa kuchanganya huwa unapita haraka mno. Kuna imani kwamba ukichanganya, magonjwa yanapungua. Yanapungua kama ugonjwa wa zao hili sio ugonjwa wa zao lile. Kuna fangasi mmoja wa joto na ukame, Macrophomina phaseolina, anaua shina likiwa limesimama, ukilichana ndani kwa chini unakuta vidoti vyeusi kama mtu amenyunyiza unga wa mkaa. Huyu anakula alizeti, ufuta, choroko, kunde, dengu, soya, karanga, hachagui, na anapenda mmea ukiwa na kiu wakati wa kujaza mbegu. Shamba lenye huyu kuchanganya ufuta na choroko hakukusaidii kitu, na kubanana kunazidisha kiu na kiu inamwita. Palipo na baridi na unyevu kuna mwenzake, Sclerotinia, ule ukungu mweupe kama pamba, naye anakula alizeti, haradali, maharage na soya. Sclerotinia ukimwona mwaka huu, mwaka kesho hama kwenye nafaka, sio kwenye jozi nyingine ya majani mapana, ila kwa Macrophomina usitegemee mahindi wala mtama, anayala nayo. Na yule funza wa vitumba, Helicoverpa, anakaa kwa raha kwenye dengu, mbaazi na alizeti, kwa hiyo ukizichanganya umemwekea ngazi tu ya kuhamia zao lingine hili likiisha.

Dawa za wadudu nazo zina mtego. Kunde zikivamiwa unataka kupiga dawa, na pengine siku hizo hizo alizeti imefungua vichwa na nyuki wamejaa. Ukipiga asubuhi umeua nyuki waliokuwa wanakujazia mbegu. Ikibidi, piga jioni nyuki wakisharudi, na chini kwenye kunde tu. Ndo maana narudi kwenye kalenda, mkunde ulioisha kabla alizeti haijachanua unakuondolea na hili pia.

Usidhani haya mambo ni ya jembe la mkono peke yake. Canada, kwenye nyanda kavu za Saskatchewan, kuna wakulima wa mashine kubwa wanaopanda dengu pamoja na kitani (zao la mbegu za mafuta), kitani kinakausha udongo mwishoni na kuilazimisha dengu ikomae badala ya kuendelea kuchanua, na ugonjwa wa ukungu wa dengu unapungua kwa kuwa mimea ya dengu haigusani. Wengine wanaweka njegere kwenye kanola, zao la mafuta la jamii ya haradali, njegere inapanda juu ya shina la kanola badala ya kulala chini, mashine inavuna zote kwa mpigo, halafu chekecheke linatenganisha kwa sababu punje moja ni kubwa na nyingine ni kama mchanga. Kitu cha kuiga hapo ni kwamba walianza na swali la punje zitatenganaje, kabla ya swali la zitaoteaje. Ukichanganya punje za ukubwa mmoja na ukazivuna siku moja, utakaa mpaka usiku unachambua.

Kama unataka kujaribu, usibadilishe shamba zima. Tenga vipande vitatu pembeni, kila kimoja mita 10 kwa 10, alizeti peke yake, choroko peke yake, na mchanganyiko, udongo ule ule, siku ile ile, palizi ile ile, na zile mbili za peke yake uzitunze kwa moyo mmoja, usizionee. Vuna, kausha, pima kwa mizani hiyo hiyo, piga uwiano wako. Mwaka mmoja hautoshi, unataka angalau mwaka mmoja mzuri na mmoja mbaya, kwa sababu mwaka mzuri kila jozi inaonekana hodari.

Na kuna hesabu ya mwisho ambayo haimo kwenye uwiano wowote, yaani maji uliyoyakopa chini. Alizeti na mbaazi zote zinashuka mita 2 na kuacha udongo wa chini mkavu, mavuno yanakuwa mazuri na zao la msimu unaokuja ndo linalipa deni. Tafuta nondo nyembamba, mita moja na nusu, noa ncha kidogo, ufunge kipande cha mbao juu iwe mpini. Mvua za mwanzo za msimu mpya zikishanyesha, isukume ardhini kwa uzito wa mwili, bila kugonga. Kwenye udongo wenye unyevu inashuka kama kisu kwenye mkate, ikifika pakavu inagoma. Fanya sehemu kumi, ikigomea kwenye jiwe hamia pembeni. Ikishuka mpaka karibu na mpini, panda jozi unayoitaka. Ikigoma kwenye sentimita 40 kote, mwaka huo panda choroko peke yake uondoke nayo mapema, mbaazi isubiri.